Monita moja, kazi mbili: uchambuzi wa kisa cha steshenari ya Isevya, Tabora

Mwezi wa saba mwaka jana, katika siku zile ambazo vijana waliomaliza kidato cha sita hujaa kwenye steshenari kujaza maombi ya mkopo wa Bodi, dada mmoja mwenye duka la aina hiyo mtaa wa Isevya, Manispaa ya Tabora, alinipigia simu asubuhi na mapema kuniambia kwamba kioo cha kompyuta yake kimekataa kuwaka. Jioni iliyotangulia umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili monita ilitoa mlio mfupi kama wa karanga inayopasuka kikaangoni, kisha ikawa kimya. Nilipoifungua mgongo nilikuta kapasita mbili (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) za bodi ya umeme zimevimba vichwa na moja imekwisha kumwaga majimaji yake. Ilikuwa monita ya inchi 19 ya umbo la karibu mraba, yenye pikseli (nukta zinazojenga picha) 1280 kwa 1024, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitengeneza mara mbili kwa ugonjwa huo huo. Nilimwambia kwamba ningeweza kuitengeneza mara ya tatu kwa shilingi 25,000. Alinijibu, "Hapana fundi, hii nimeizika. Wewe niambie ninunue ipi."

Bajeti yake ilikuwa shilingi 350,000, na ndani ya kiasi hicho alitaka kila kitu kiingie, kuanzia monita yenyewe hadi waya wa mwisho. Sharti lake la pili ndilo lililokifanya kisa hiki kistahili kuandikwa kwa kirefu. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa nyumbani akisubiri kwenda chuo, alikuwa na mashine ya gemu ya PS4 Slim ambayo alikuwa akiichezea kwenye TV ya sebuleni, jambo lililomgombanisha na mama yao kila siku ilipofika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Duka ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo dada aliona kwamba monita mpya ingefanya kazi ya ofisi mchana na ya gemu baada ya kufunga, ili sebule ipate amani.

Nikiri mapema kwamba nilipokata simu nilikuwa tayari na jibu kichwani, yaani monita mpya ya inchi 24, ya kioo cha aina ya IPS, ambacho rangi zake hazigeuki ukikitazama kwa pembeni, yenye kasi ya hezi 100, yaani picha kubadilishwa mara 100 kwa sekunde, ambayo siku hizi ndiyo watu wengi wenye bajeti ya kati wanaelekezwa kuinunua, na inastahili. Jibu hilo lilibadilika nilipofika dukani.

Kaunta, mashine na wateja

Kaunta ya duka ni ya mbao, yenye kina cha sentimita 60 hivi, na dada hukaa nyuma yake akiegemea ukuta. Mlango unatazama magharibi, hivyo kuanzia saa tisa alasiri jua huingia na kupiga moja kwa moja upande wa kaunta. Monita ya zamani ilikuwa imeinuliwa juu ya rimu mbili za karatasi za A4, ambazo kila moja ina unene wa takriban sentimita 5, kwa sababu stendi yake ilikuwa fupi. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro yake: siku karatasi zilipokwisha rafuni, msaidizi alichomoa rimu moja akamuuzia mwalimu aliyekuwa na haraka, na dada akamalizia jioni nzima ameinamisha shingo.

Kitu kingine nilichokiona kwa kukaa tu pale nusu saa ni jinsi wateja wanavyosoma. Mtu akiandikiwa barua au wasifu wa kazi hasubiri karatasi ichapwe ndipo aone makosa. Huzunguka kaunta, husimama ubavuni kwa dada upande wa kushoto, huinama, na kuonyesha kwa kidole: "Hapo dada, jina la baba lina 'h' katikati." Kwa hiyo kioo hiki husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja akiwa mbele yake na mwingine pembeni kabisa. Nitalirudia jambo hili, kwa maana ndilo lililoondoa baadhi ya mapendekezo bila mjadala mrefu.

Kompyuta yenyewe, lile boksi ambalo wengi wetu huliita sipiyu, ni HP EliteDesk 800 G2 ya umbo dogo, mtumba wa ofisi za Ulaya kama zilivyo nyingi zilizojaa mjini. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-6500 ya mwaka 2015, na picha hutolewa na Intel HD Graphics 530 iliyomo ndani ya prosesa hiyo hiyo, pasipo kadi ya picha ya kuongezewa. Kwa barua, majedwali ya Excel, fomu za mtandaoni na picha za pasipoti, mashine hii inatosha na kubaki. Kwa gemu nzito haitoshi, na mdogo mtu alilijua hilo, ndiyo maana macho yake yote yalikuwa kwenye PS4.

Nilipiga magoti nikamulika nyuma ya mashine kwa tochi ya simu. Palikuwa na tundu moja la VGA, njia ya zamani ya kutolea picha, lenye rangi ya bluu na vishimo 15, ambamo kebo ya monita iliyokufa ilikuwa bado imefungwa kwa skrubu zake mbili. Pembeni yake palikuwa na matundu mawili yaliyojaa vumbi, ya mstatili uliokatwa pembe moja, ambayo dada aliniambia hajui ni ya nini. Hayo ni ya DisplayPort, njia ya kidijitali ya kutolea picha. Tundu la HDMI, njia nyingine ya kidijitali iliyozoeleka kwenye TV, halikuwepo kabisa. PS4 Slim, kwa upande wake, haina njia nyingine ya kutolea picha isipokuwa HDMI.

Hapo ndipo jibu langu la kwenye simu lilipoanza kuyumba.

Hesabu ya matundu

Monita mpya nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu huja na tundu moja la HDMI na moja la VGA, basi. Tuiweke monita ya namna hiyo juu ya kaunta ya Isevya tuone inavyokuwa. PS4 itachukua HDMI, na kompyuta italazimika kupita VGA. VGA ni teknolojia ya mwaka 1987, iliyokuja na kompyuta za IBM za wakati huo, na husafirisha picha kwa mfumo wa analogi, maana yake monita hulazimika kukisia pikseli moja inaishia wapi na inayofuata inaanzia wapi. Kwenye monita ndogo ya zamani kasoro hiyo haikuonekana sana. Kwenye pikseli 1920 kwa 1080, hasa kwa kebo ndefu ya bei rahisi, herufi ndogo hupata kivuli chembamba ubavuni, na mtu anayesoma tarakimu za vitambulisho kwa saa kumi na moja kwa siku hukilipia kivuli hicho kwa maumivu ya kichwa. Ina maana kazi inayoleta pesa ingepewa njia mbovu, na gemu, ambayo haileti chochote, ingepewa njia nzuri.

Njia ya pili ingekuwa kununua adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, kisha kuchomoa na kuchomeka kebo kila jioni na kila asubuhi, au kuongeza kisanduku cha kubadilishia HDMI. Adapta hizo zipo kila mahali kwa bei ndogo, lakini zina kikomo ambacho wauzaji hawakitaji. Zile rahisi za kizazi cha kwanza huishia megahezi 165 za mawimbi ya picha. Picha ya 1920 kwa 1080 katika hezi 60 huhitaji megahezi 148.5, kwa hiyo inapita bila shida. Ukitaka hezi 100 katika ukubwa huo huo unahitaji zaidi ya megahezi 200, na hapo adapta hugoma, au tuseme haigomi, bali kompyuta hukuonyesha chaguo la hezi 60 peke yake na wewe unabaki unajiuliza kwa nini monita haifiki kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Na kwa kuwa PS4 ya kawaida na ile Slim haitoi zaidi ya 1920 kwa 1080 katika hezi 60, hezi 100 zingelipiwa na zisingeonekana na mtu yeyote katika duka lile.

Sisemi kwamba hezi nyingi hazina faida. Katika hezi 60 picha hubadilika kila baada ya milisekunde 16.7, katika hezi 100 kila baada ya 10, na hata mtu asiyecheza gemu huiona tofauti hiyo anapoburuza kipanya au kupandisha ukurasa mrefu. Kama ile monita ingekuwa na DisplayPort pia, ningeichukua hiyo bila kusita. Lakini monita mpya yenye HDMI na DisplayPort kwa pamoja, tulipouliza mjini na kwa simu Kariakoo, ilianzia bei iliyopita bajeti yote hata kabla ya nauli ya basi.

TV ya inchi 32

Pendekezo la kwanza la familia lilikuwa TV, na lilitoka kwa mama mwenyewe, aliyeuliza kwa busara tu: kama TV ya inchi 32 inapatikana kwa bei ile ile, kwa nini mtu anunue kioo cha inchi 24? Swali hili ninalisikia kila mahali, na linastahili jibu kamili kuliko kicheko ambacho mafundi wengi hulijibia.

TV za inchi 32 za bei hiyo kwa kawaida zina pikseli 1366 kwa 768. Ukizigawa kwenye upana wake unapata takriban pikseli 49 kwa kila inchi, wakati monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban 92. Ukiwa sebuleni umekaa mita tatu huoni tofauti hiyo, na mpira unaonekana vizuri kabisa. Kwenye kaunta ambako macho yako sentimita 60 kutoka kwenye kioo, herufi inakuwa na ngazi-ngazi kama iliyochongwa kwa panga. Zaidi ya hapo, TV nyingi huibana rangi ya picha kabla ya kuionyesha, jambo lisilodhuru filamu lakini linalofanya maandishi mekundu juu ya bluu yavuje rangi kingoni, na baadhi hukata pembe za picha hata kitufe cha kuanzia cha Windows kikafichwa nusu mpaka utafute mpangilio wake kwenye menyu.

Kuna pia suala la karatasi. Kioo cha inchi 23.8, ambacho ndicho huuzwa kwa jina la inchi 24, kina upana wa sentimita 52.7 na kimo cha sentimita 29.6. Karatasi ya A4 ina upana wa 21 na kimo cha 29.7. Maana yake ni kwamba kioo hicho kina nafasi ya kurasa mbili za A4 zilizosimama bega kwa bega karibu katika ukubwa wake halisi, ukiondoa sehemu inayoliwa na vitufe vya juu. Nilichukua karatasi mbili kutoka kwenye ile rimu ya chini nikaziweka kwenye kaunta mbele ya mama na dada, nikazizungushia mikono kama fremu. Kwa steshenari, ambako mtu ana barua ya mfano upande mmoja na anayoiandika upande wa pili, sijui kipimo kinachoeleweka kuliko hicho. Mama alikubali. Aliongeza kwamba kwa hali hiyo TV yake ibaki sebuleni, na nadhani hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo.

Kioo kilichopinda

Mdogo mtu alikuwa na pendekezo lake, lililohifadhiwa kwenye simu kama picha ya boksi: inchi 27, kioo kilichopinda, hezi 165, milisekunde 1. Bei yake ilizidi bajeti kwa karibu laki mbili, na hilo peke yake lingetosha, lakini nilitaka aelewe sababu nyingine ili asije akaona amenyimwa.

Hezi 165 nimekwisha kuzieleza, kwani PS4 haizifikii na Intel HD 530 haiwezi kuzijaza kwenye gemu yoyote ya maana. Inchi 27 zenye pikseli zile zile 1920 kwa 1080 hushusha wingi wa pikseli kutoka 92 hadi 82 kwa inchi, kwa hiyo kioo ni kikubwa zaidi lakini hakibebi neno hata moja la ziada. Ile milisekunde 1 ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa njia inayoipendelea monita, kwa kuzima na kuwasha mwanga wa nyuma haraka, na vioo vya VA, aina nyingine ya vioo ambayo ndiyo hupindwa kwa wingi, vina tabia ya kuacha mkia mweusi kitu kinapokwenda kasi kwenye giza. Ninavisifu kwa weusi wake, kwa sababu tofauti ya mwanga na giza ndani yake hufika takriban 3000 kwa 1 wakati IPS huwa karibu 1000 kwa 1, na mtu anayecheza usiku taa zimezimwa huiona.

Lakini mpindo wenyewe ulikufa kwa sababu ya yule mteja anayesimama ubavuni. Kioo kilichopinda kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa katikati. Anayesimama kushoto huona nusu ya karibu imemgeuzia mgongo na nusu ya mbali imemkodolea, na mistari iliyonyooka ya jedwali humjia kama ya mkeka uliokunjamana. Kwa sababu hiyo hiyo niliziondoa monita za TN, aina ya tatu ya kioo, ambazo zipo za bei rahisi sana, kwa kuwa ukizitazama kwa pembeni rangi hugeuka, na mteja wa picha ya pasipoti akijiona uso wa kijivu ataomba apigwe nyingine.

"Kwa hiyo kaka, hakuna ya gemu?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba ipo, ila gemu yake ni ya hezi 60, na kioo kizuri cha hezi 60 kinamtosha kuliko kioo hafifu cha hezi 165.

Mtumba wa ofisi

Iliyobaki ilikuwa njia ambayo mwanzoni sikuitaka, yaani monita ya mtumba ya inchi 24 kutoka ofisi za Ulaya. Nilikuwa na sababu ya kutoitaka, kwa vile waranti yake ni neno la muuzaji na nimeona nyingi zilizokufa ndani ya miezi mitatu. Hata hivyo mtumba wa daraja la ofisi una mambo matatu ambayo mpya ya bei hiyo haina. Kioo chake kwa kawaida ni IPS kisichong'aa, kinachofaa mahali penye jua la alasiri. Stendi yake hupanda na kushuka, hivyo rimu za karatasi zingerudi rafuni. Na nyuma yake huwa na DisplayPort na HDMI kwa pamoja, yaani kompyuta ya dada na PS4 kila moja ingepata mlango wake, na kuhama kutoka ofisi kwenda gemu kungekuwa kubonyeza kitufe kimoja cha kuchagua chanzo cha picha.

Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa nazo tatu za aina moja, kila moja kwa shilingi 185,000, na lebo za mgongoni zikionyesha zilitengenezwa mwaka 2017. Umri huo haukunitisha. Ofisi inayofanya kazi saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutumia saa 2,000 kwa mwaka, na taa za LED za nyuma ya kioo kwa kawaida huhesabiwa kudumu saa 30,000 au zaidi kabla mwanga wake haujashuka nusu. Kinachoua monita hizi kwetu ni umeme na safari, wala si miaka.

Nilikwenda na flashi yenye picha sita tu: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, bluu na kijivu. Muuzaji alikuwa amezitegea video ya samaki wa baharini wenye rangi kali, na kwenye video hiyo zote tatu zilikuwa nzuri sawasawa. Nilipoweka nyeupe, ya kwanza ilionyesha doa la manjano pembe ya chini kushoto, la ukubwa wa kiganja, kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Ya pili ilipita kwenye nyeupe, ikapita kwenye nyekundu, kisha kwenye kijivu ukatokea mstari mmoja mwembamba wa wima ulioanzia juu hadi chini, mwembamba kiasi kwamba muuzaji alisema ni unywele akaufuta kwa kidole. Haukufutika. Ya tatu ilikuwa na pikseli moja iliyoganda kwenye kijani karibu na ukingo wa kulia, na hakuna kingine. Tuliiacha ikiwaka nusu saa nikiiwekea sikio mgongoni, kwa sababu bodi ya umeme iliyochoka huanza kuvuma inapopata moto, na baadaye nikaijaribu kila tundu kwa kebo yangu mwenyewe. Ilikuwa kimya. Tuliandikiana waranti ya siku 30 nyuma ya risiti, tukaichukua.

Kasoro moja niliijua kabla ya kulipa nikamwambia mdogo mtu papo hapo: monita ile haikuwa na spika wala tundu la sauti. PS4 hupitisha sauti ndani ya HDMI, na Slim haina lile tundu la sauti la mwanga lililokuwa kwenye PS4 ya mwaka 2013. Wala haipokei spika za kawaida za Bluetooth. Angeweza kuchomeka earphone kwenye pedi akasikia peke yake, lakini akija mwenzake wa kushindana naye wangecheza mpira wa mabubu.

Mahali pesa ilipokwenda

Baada ya monita zilibaki shilingi 165,000, na hapa ndipo niliposhikilia msimamo hata dada alipodhani ninamtafutia muuzaji mwingine riziki. Monita ya zamani haikufa kwa uzee, iliuawa na umeme unaokatika na kurudi. Kununua nyingine na kuichomeka kwenye soketi ile ile ni kuinunulia kaburi. Tulichukua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, ya VA 650 (hapa VA ni kipimo cha nguvu ya umeme, si ile aina ya kioo) kwa shilingi 140,000 na kebo ya DisplayPort kwa shilingi 15,000, na shilingi 10,000 zikabaki mkononi. Kompyuta na monita kwa pamoja ni mzigo mdogo kwa UPS ya ukubwa huo, na betri yake inatoa dakika za kutosha mtu kumaliza sentensi na kuhifadhi kazi.

Kuhusu ulaji wa umeme, ambao muuzaji wa monita mpya alikuwa ameusisitiza sana, ni jambo la kupita haraka. Monita ya inchi 24 hutumia wati 20 na ushee, ambazo kwa saa kumi ni karibu uniti 0.22, na kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ya LUKU hazifiki shilingi 80 kwa siku. Tofauti kati ya monita moja na nyingine ni ya shilingi chache, wala haifai kuamua chochote.

Siku ya kufunga mambo yalikwenda vizuri hadi saa kumi jioni. Nilikuwa nimechomeka kompyuta na monita kwenye UPS na printa ya leza ukutani, nikaondoka bila kumweleza msaidizi sababu. Hilo lilikuwa kosa langu. Alipohitaji soketi ya kuchajia simu ya mteja, aliihamishia printa kwenye UPS kwa kuwa aliona pana nafasi. Printa ya leza inapopasha moto ile roli ya kukaushia wino wa unga huvuta mamia ya wati kwa mkupuo mmoja. UPS ililia, ikazima kila kitu, na fomu ya mkopo iliyokuwa imejazwa nusu ikapotea mbele ya mwenyewe. Nilirudi kesho yake na mkanda wa gundi, nikaziba matundu mawili ya UPS yaliyokuwa wazi na kuandika juu yake kwa kalamu nene: SI YA PRINTA.

Kwa upande wa gemu palikuwa na rekebisho moja tu la maana. PS4 ilipowashwa mara ya kwanza weusi ulionekana wa kijivu, kama picha iliyofunikwa na moshi, na mdogo mtu akaanza kuulaumu mtumba. Shida ilikuwa kwamba PS4 ilikuwa ikitoa rangi kwa kipimo cha TV, ambacho huanza weusi juu kidogo ya sifuri, wakati monita ikisubiri kipimo kamili cha kompyuta. Kwenye mipangilio ya picha na sauti ya PS4 kuna sehemu ya kipimo cha RGB, yaani cha rangi nyekundu, kijani na bluu, nasi tuliitoa kwenye chaguo la kujiamulia tukaiweka kamili. Jezi nyeusi zikawa nyeusi, na lawama zikakoma.

Sauti aliitatua mwenyewe mwezi uliofuata kwa pesa alizopata akimsaidia dada msimu wa fomu. Alinunua kisanduku kidogo kinachokaa kati ya PS4 na monita, kikaiachia picha iendelee na kuitenga sauti kwenye tundu la spika, na spika zenyewe ni zile ndogo za kompyuta zilizokuwa zimewekwa stoo. Ana mpango wa kutafuta kadi ya picha fupi ya kuingia kwenye mashine ya dada, na amekwisha kuniletea jina la GTX 1650. Nimemweleza kwamba kadi hiyo huvuta wati 75 kupitia kwenye bodi, kwamba lazima iwe ya kimo kifupi ili boksi lifungike, na kwamba kabla ya yote tuangalie pawa saplai ya mashine ina nguvu kiasi gani.

Nilipita Isevya mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza. Rimu zote zilikuwa rafuni, kioo kilikuwa kimeinuliwa hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho ya dada, na ile pikseli ya kijani ilikuwa pale pale ukingoni, ingawa ilinibidi niitafute. Umeme ulikuwa umekatika mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Malalamiko yake yalikuwa mamoja: wateja wanaosimama pembeni sasa wanayaona makosa ya majina yao vizuri mno, marekebisho ya wasifu yameongezeka kutoka mawili hadi manne kwa mtu mmoja, na bei ya kuandika ukurasa haijapanda hata shilingi.